Riwaya za fantasia zilizozaliwa kwenye meza ya gemu: maswali yenu na majibu

Maswali kuhusu riwaya za mwanzo zilizotokana na D&D yamekuja mengi, nimechukua haya ambayo yanabebana, nayajibu moja baada ya jingine. Kwa anayeingia sasa hivi: Dungeons & Dragons, au D&D kwa kifupi, ni gemu ya mezani iliyotoka Marekani mwaka 1974, waliyoitunga Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi, halafu mmoja ndo anaendesha gemu, anasimulia ile dunia na kuwaigiza maadui wote, na mkifika pa kubahatisha, panga limepata au limekosa, mnarusha dadu. Hakuna mstari wa kumalizia wala mshindi, hadithi inaendelea wiki hadi wiki. Basi kutoka kwenye meza hizo zikaanza kutoka riwaya, na ndo tunazoongelea hapa.

Riwaya ya kwanza kabisa ya aina hii ni ipi, na mbona watu hawaitaji sana? (Msomaji, Morogoro)

Ni Quag Keep ya Andre Norton, 1978, mchapishaji Atheneum. Kabla yake Gygax mwenyewe alishaanza kutoa hadithi vipande vipande kwenye jarida la kampuni yake mwaka 1976, ila ile haikufika mwisho, kwa hiyo kama tunaongelea riwaya kamili ya kushika mkononi basi ni hii ya Norton.

Na huyu mama hakuwa mtu wa kubahatisha jamani. Alizaliwa Cleveland mwaka 1912, alifanya kazi ya ukutubi miaka mingi, alianza kuchapisha miaka ya 30, na hilo jina la Andre alilichukua kipindi ambacho hadithi za vijana wa kiume zilikuwa haziuziki vizuri zikiwa na jina la mwanamke kwenye kava. Mwaka 1976 Gygax akamkaribisha acheze kwenye dunia yake ya Greyhawk, miaka miwili baadaye kitabu kikatoka, na kipande chake kikatangulia kwenye jarida la Dragon, toleo la 12. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, ana heshima yake yote tayari, na bado akakaa na vijana wa dadu akajifunza kitu kipya. Mimi hilo namheshimu sana.

Sasa kitabu chenyewe. Mchezaji mmoja anashika kisanamu cha shujaa pale mezani, akija kuzinduka yeye ni Milo Jagon, mpiga panga ndani ya mji wa Greyhawk, kichwani ana kumbukumbu za watu wawili zinagongana, na mkononi ana bangili ya shaba imepachikwa dadu. Hatari ikikaribia zile dadu zinaanza kuzunguka zenyewe. Pole pole wanagundua kwamba mtu akikaza akili yake yote kwenye dadu anaweza kuisukuma ielekee anakotaka, na wenzake nao wana bangili kama hiyo: kuna mbabe anayegeuka nguruwe pori, elfi wa misituni, dada mpiganaji, kasisi, malenga, na hata mtu mjusi ambaye wenzake hawamwamini. Wote wamevutwa pale na mtu wanayemtafuta safari nzima.

Mbona haitajwi? Kwa sababu kama riwaya inachechemea, huo ndo ukweli. Watu wamekuwa wengi na kila mmoja kapewa nafasi ndogo, safari ni ndefu na mwisho unakimbizwa. Lakini ile bangili! Norton aliona mapema kabisa swali ambalo wengine walikuja kuliona baadaye, kwamba kama maisha yako yanaamuliwa na dadu ya mtu mwingine, wewe uhuru wako uko wapi? Wapo wanaosema hakuielewa gemu. Mimi nasema aliielewa kuliko wachezaji wengi wa wakati ule, kilichokosekana ni kurasa za kutosha za kuwajua wale watu. Alifariki 2005, na mwendelezo, Return to Quag Keep, ukatoka mwaka uliofuata ukiwa umekamilishwa na Jean Rabe.

Shikamoo kaka. Mimi naona hawa wote wamechukua tu kwa Tolkien, elfi, mbilikimo, majoka, kila kitu. Au nakosea? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Nusu uko sawa. Gemu ya mwanzo ilikuwa na mahobiti waziwazi, wale watu wafupi wa kwenye The Lord of the Rings ya Tolkien, kwa jina hilohilo, mpaka wenye haki za kazi za Tolkien walipolalamika ndo wakabadilishwa jina wakawa halfling. Kwa hiyo kuchukua walichukua.

Ila kama ungefungua kitabu cha mwendesha gemu cha 1979, mwishoni kabisa kuna kiambatisho ambapo Gygax ameorodhesha waandishi waliomlea, na Tolkien yumo, lakini wale anaowataja kwamba ndo waliomgusa zaidi ni wengine: Robert E. Howard, yule wa hadithi za Conan, Fritz Leiber, Jack Vance, Lovecraft, Merritt, na de Camp na Pratt. Na ukiingia ndani ya gemu unaona alama zao. Lile zimwi ambalo ukilikata mkono unaota tena, mpaka ulichome moto, limetoka kwa Poul Anderson. Wachawi wanaolazimika kukariri maneno ya uchawi, halafu wakishayasema yanafutika kichwani, wametoka kwa Vance, kitabu cha 1950, kuna mchawi mle pamoja na mazoezi yake yote anaweza kubeba maneno manne tu ya yale mazito au sita ya yale mepesi, basi, akishayatumia amebaki mikono mitupu. Hiyo ni tofauti kubwa na Gandalf, mchawi wa Tolkien.

Na hapa ndo panaponifurahisha: kwenye orodha hiyohiyo Andre Norton yumo. Yani gemu ilikula kwa Norton, halafu Norton akaja akala kwa gemu. Hivi vitu vilikuwa vinazunguka, siyo mto unaotoka chanzo kimoja.

Nimesikia Raistlin, yule mchawi wa riwaya za Dragonlance, alitokana na mtu aliyekuwa anacheza kweli. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli, na kwangu hii ndo habari muhimu kuliko zote kwenye mada hii, niache nikae nayo kidogo.

Tracy Hickman na mkewe Laura walikuwa watu wa Utah wenye hali ngumu, Tracy amesema wazi kwamba waliuza gemu zao kwa TSR, kampuni ya Gygax iliyokuwa inachapisha gemu hii, ili wapate hela ya kununulia watoto viatu. TSR ikamwajiri mwaka 1982, wakafunga safari ya gari kutoka Utah hadi Lake Geneva, Wisconsin, na njiani wakawa wanapiga stori za dunia ambayo majoka yametawala kila kitu. Hiyo stori ya kwenye gari ndo ikawa Dragonlance. Mpango ukawa mkubwa, mfululizo wa vitabu vya gemu pamoja na riwaya. Kampuni ikatafuta mwandishi wa nje aandike riwaya, haikwenda, na Margaret Weis, aliyekuwa mhariri palepale, akakaa na Hickman wikiendi moja wakaandika sura za mwanzo wao wenyewe, wakazipeleka, wakapewa kazi. Dragons of Autumn Twilight ikatoka 1984.

Sasa Raistlin. Walipokuwa wanaijaribu gemu nyumbani kwa Hickman, mchawi alipewa rafiki yao anaitwa Terry Phillips. Ukifika wakati Raistlin aulizwe kitu, Phillips akajibu kwa sauti ya kunong'ona, inakwaruza, kama mtu ambaye kifua kinamuua. Haikuwa kwenye karatasi. Hakuna kanuni inayosema mchawi aongee hivyo. Ni mtu mmoja, usiku mmoja, kaamua. Na kutoka kwenye sauti ile Weis na Hickman wakajenga kijana mgonjwa anayekohoa damu, ngozi ya rangi ya dhahabu, mboni za macho zenye umbo la saa ya mchanga, na akikutazama anakuona unavyozeeka na kuoza, kwa sababu hilo ndo lilikuwa gharama ya mtihani wake wa uchawi. Pembeni yake kaka yake pacha, Caramon, mtu wa miraba minne, anamchemshia dawa yake kila jioni, na yule mdogo anampenda na kumchukia kwa wakati mmoja kwa sababu anamhitaji. Wasomaji wakamsahau shujaa mkuu wakamng'ang'ania huyu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo watu hawaliongelei. Kitabu cha kwanza kiliandikwa wakati vitabu vya gemu vinavyokihusu vimeshakamilika, kwa hiyo waandishi walibanwa, wanatakiwa wapite chumba hiki, wapigane na hawa, watoke huku. Na unahisi! Kuna sura mle unasikia kabisa dadu zinagonga meza, wanaingia magofu, wanakutana na kitu, wanapigana, wanapumzika, wanaendelea. Wenyewe waliliona hilo, kwa vitabu vilivyofuata wakageuza mpangilio, riwaya kwanza gemu baadaye, na tofauti ni ya mchana na usiku. Kitabu cha pili kinapumua. Kuna mtu anakufa mle, simtaji kwa ajili ya wasiosoma, na ile sura inauma miaka yote hii kwa sababu kwenye gemu mtu wako akifa unachukua karatasi nyingine unaandika mwingine, hapa hakuna karatasi nyingine.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi kinafaa kuvuka kutoka mezani kuingia kwenye riwaya, jibu langu ni moja tu, watu. Kanuni ziacheni palepale.

Gygax mwenyewe aliandika riwaya? Zikoje?

Aliandika. Saga of Old City ilitoka 1985, ya mwizi anaitwa Gord, yatima wa mitaa ya hovyo ya Greyhawk, anajifunza kuomba omba kisha kuiba kisha kupanda ukuta. Sura za mwanzo, zile za utoto, ni nzuri, mji una harufu. Baadaye lugha inakuwa nzito, na Gord anashinda sana, kila anachogusa anakiweza, mpaka hofu inaisha.

Ila mwisho wa huo mfululizo una uchungu wake. Gygax alitolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha, akaondoka na haki za Gord lakini dunia ya Greyhawk ikabaki kwa kampuni. Akaendelea na Gord kwa mchapishaji mwingine, na kwenye kitabu cha mwisho, Dance of Demons, 1988, akaiangamiza dunia nzima. Dunia aliyoijenga mwenyewe tangu mwanzo. Kama ufundi, sio kitabu kikubwa. Kama barua ya mtu aliyenyang'anywa nyumba, sijasoma nyingine kama hiyo.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14, analeta hivi vitabu nyumbani, na kanisani tumeambiwa ni mlango wa shetani. Nifanyeje? (Mama, Kisumu)

Mama, wasiwasi wako naupokea kwa heshima, na wala si wewe wa kwanza, hofu hii ilianza hukohuko Marekani. Mwaka 1979 kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan State alipotea, mpelelezi aliyeajiriwa na familia akadhani ameingia kwenye mahandaki ya chuo akicheza D&D, magazeti yakalishika hilo. Gemu haikuwa chanzo, yule kijana alikuwa na matatizo yake mazito ambayo hayakuhusiana na gemu. Lakini stori ilishakimbia, 1981 ikatoka riwaya ya Rona Jaffe, Mazes and Monsters, ya mwanafunzi anayechanganyikiwa kwa sababu ya gemu, 1982 ikawa filamu ya televisheni, Tom Hanks akiwa bado kijana ndo kaigiza, na kwa watu wengi hiyo ndo ikawa picha pekee waliyonayo.

Ninachoweza kukwambia kwa uhakika ni hiki. Tracy Hickman, mwandishi wa hizo Dragonlance, ni mtu wa dini hasa, muumini wa kanisa la Mormoni, aliwahi kutumwa Indonesia kama mmisionari. Na ukiisoma hadithi yake unaiona imani imo: watu wa dunia ile wamesahau miungu ya kweli baada ya janga kubwa, wanafuata manabii wa uongo, na mwanamke mmoja, Goldmoon, ndo anarudisha uponyaji. Yule mchawi anayetaka makuu anaonyeshwa kabisa makuu yanamfikisha wapi. Hakuna mahali kitabu kinamfundisha mtoto kuabudu pepo. Uchawi mle ni wa hadithi, sawa na majini wa Alfu Lela u Lela.

Ushauri wangu, usikichome wala usimwachie peke yake. Soma sura tatu za mwanzo, kisha mwulize anampenda nani mle ndani na kwanini. Kijana wa miaka 14 mara nyingi akikujibu swali hilo anakuwa anajiongelea mwenyewe.

Mbona zote ni ngome za Ulaya na theluji? Hakuna aliyefikiria mahali pengine? (Msomaji, Zanzibar)

Wapo, na wawili lazima niwataje, wa kwanza kwa moyo mzito.

M.A.R. Barker alikuwa profesa wa Kiurdu na lugha za Asia ya Kusini chuo kikuu cha Minnesota, aliyesilimu akaitwa Muhammad Abd-al-Rahman. Tangu utoto alikuwa anajenga dunia yake, Tékumel, yenye lugha zake kamili, mahekalu, koo, vyeo, mambo ambayo ukiyaangalia yamechota India, Misri ya kale na Amerika ya kati kabla ya Wahispania, siyo Uingereza. TSR waliichapa kama gemu 1975, na riwaya yake The Man of Gold ikatoka 1984, ya msomi kijana aliyelelewa na viumbe wa jamii ya wadudu. Kwa miaka mingi kilikuwa kitabu cha kupendekeza. Halafu mwaka 2022 taasisi inayosimamia kazi zake ikathibitisha kwamba ndiye aliyeandika, kwa jina la kificho, riwaya ya kuwatukuza Wanazi iliyotoka 1991. Sikushauri usome wala usisome, ila sitaki ukutane na jina lake bila kujua hilo.

Wa pili hakutoka kwenye gemu lakini anahusika. Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Canada mwaka 1969, alikuwa msomaji mkubwa wa Howard, yule wa Conan, na aliumizwa na namna Waafrika walivyochorwa kwenye hadithi zake. Hakuishia kulalamika, akaandika wa kwake. Imaro, 1981, shujaa Mwafrika kwenye bara la kubuni ambalo Saunders aliliita Nyumbani, ndiyo, hivyohivyo, kwa Kiswahili chetu. Mchapishaji akaweka kwenye kava maneno ya kumwita Imaro Tarzan mweusi, wenye haki za Tarzan wakaja juu, kitabu kikacheleweshwa, mauzo yakaumia. Hilo linaniuma mpaka leo, mtu ameandika kitabu kizima kuwapinga akina Tarzan halafu anabandikwa jina hilo usoni. Baadaye miaka ya 80 aliandikia jarida la Dragon makala ya viumbe wa ngano za Kiafrika ili wachezaji wawatumie. Alifanya kazi ya gazeti Halifax, alifariki 2020 akiwa peke yake, akazikwa bila jiwe la kaburi, na ni wapenzi wa kazi zake waliochanga hela wakaweka jiwe. Ukitaka kuanzia mahali, anzia kwa Saunders, na watoto wako wasomee huko.

Hizi anime, katuni za Kijapani, za mtu kuingia dunia ya gemu, asili yake ni hizi riwaya?

Kuna njia mbili hapa. Ya Kijapani: mwaka 1986 jarida la Comptiq lilianza kuchapisha mazungumzo ya mezani ya kundi lililokuwa linacheza D&D, yani nani kasema nini, dadu imetoka ngapi, kama igizo la redio. Mwendesha gemu alikuwa Ryo Mizuno. Wasomaji wakapenda, Mizuno akaandika riwaya 1988, Record of Lodoss War, kisha anime ikafuata. Yule dada elfi, Deedlit, ambaye wachoraji wa Kijapani wamemwiga vizazi na vizazi, pale mezani aliigizwa na mwanaume, mwandishi Hiroshi Yamamoto. Mnaona tena? Mtu mezani.

Lodoss lakini wahusika wake ni wa dunia ile ile, hawatoki kwetu. Hilo la mchezaji kuvutwa ndani lilianza na Norton, na aliyelifikisha mbali kwa maoni yangu ni Joel Rosenberg, The Sleeping Dragon, 1983. Wanafunzi wa chuo wanacheza na profesa wao, anawatupa kweli kwenye dunia ile, kila mmoja kwenye mwili wa mhusika wake. Mmoja wao, James Michael, maisha yake yote yuko kwenye kiti cha magurudumu, misuli inamwisha. Huku anaamka ni Ahira, mbilikimo mwenye nguvu za ajabu, anasimama kwa miguu yake. Wenzake wanatafuta njia ya kurudi nyumbani, na wewe msomaji unajua kabisa nyumbani kwake maana yake ni nini. Rosenberg hasemi mengi, anamwacha atembee. Halafu kwenye hadithi hiyohiyo hawa vijana wanakutana na biashara ya utumwa, na badala ya kuipita kama pambo la fantasia wanaamua kuivunja, jambo linaloendelea vitabu kadhaa mbele. Mle mnakufa watu mapema, na kikatili, kwa hiyo kisipewe mtoto.

Tuna kundi letu Dar tunacheza kila Jumamosi, kampeni yetu, yani ile hadithi ndefu tunayoicheza, ni kali sana, nataka kuigeuza riwaya. Nianzeje?

Hongera sana kwanza, na fanya. Ila sikiliza.

Usiandike kilichotokea. Najua ile vita ya darajani mlipiga kelele mpaka majirani wakaja, lakini mlipiga kelele kwa sababu dadu ilitoka ishirini, namba ya juu kabisa, na dadu haimo kwenye kitabu, msomaji ataona tu mtu kapiga pigo moja jitu likaanguka. Raymond Feist alitoka kwenye hali kama yako, kundi la marafiki chuo kikuu cha California, San Diego, walijenga dunia inaitwa Midkemia wakaicheza kwa miaka. Alipoandika Magician, iliyotoka 1982, hakuandika kampeni yao, alirudi nyuma kwenye historia ya dunia ile, karne kadhaa kabla ya wakati waliokuwa wanauchezea, akamtafuta mtoto yatima wa jikoni, Pug, ambaye anafundishwa uchawi na hauwezi. Ramani, miji, majina, vyote vilikuwepo tayari, vimezeeka kwa kuchezewa, ndo maana unapoingia unahisi watu wameishi pale. Hadithi ikawa mpya. Hiyo ndo njia nzuri kuliko zote ninazozijua.

La pili, kaa na kila mchezaji umsikilize anavyoongea akiwa ndani ya mhusika wake. Yupo mmoja kwenye kundi lenu ambaye akianza kuongea wote mnanyamaza. Huyo ndo riwaya yako, hata kama siye aliyeua joka. Mwombe ruhusa, na jina lake likae kwenye shukrani.

La tatu, punguza watu. Mezani mnaweza kuwa saba kwa sababu kila mmoja anajibeba mwenyewe, kwenye karatasi wote saba unawabeba wewe. Norton alishindwa hapo na alikuwa fundi.

Na usiogope kubuni papo kwa papo. Mwandishi R.A. Salvatore alikuwa amebanwa kwenye simu na mhariri wake, Mary Kirchoff, anataka mtu wa kumweka pembeni ya shujaa sasa hivi, sio kesho, Salvatore akasema tu ni elfi mweusi wa chini ya ardhi, kabila ambalo kwenye gemu lilikuwa la maadui wa kuuawa. Ndo akazaliwa Drizzt, kwenye The Crystal Shard, 1988, na yule shujaa aliyetakiwa kuwa mbele amebaki kwenye kivuli chake.

Nianze na kipi, na kwa mpangilio gani? Kiingereza changu ni cha kawaida. (Msomaji, Bujumbura)

Anza na Dragons of Autumn Twilight, Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi. Vumilia yale magofu ya nusu ya kwanza, ukifika kitabu cha pili hutaomba ushauri tena. Ukimaliza vitatu vya mfululizo huo nenda moja kwa moja kwenye vitatu vya Legends, vya waandishi haohao, vya 1986, vinavyowafuata wale mapacha wawili peke yao, na kwa maoni yangu hakuna kilichotoka kwenye meza ya gemu enzi zile kilichovifikia. Baada ya hapo Magician, ni kinene ila kinakwenda, na Marekani walikikata vipande viwili kwa hiyo ukikuta Apprentice tafuta na Master, ni kitabu kimoja hicho. Quag Keep kiache mwisho, ukiwa umeshawasoma wengine, utaona alichokuwa anakijaribu yule mama.